Maoni ya Tawi Niliyoyaandika kwa Penseli

Nilianza kazi benki nikiwa na miaka kumi na sita, nikastaafu nikiwa na miaka kumi na sita na miezi miwili. Msicheke, wadogo zangu wa kidato cha kwanza. Wapo waliokaa kazini miaka thelathini bila kufanya kosa kubwa kama langu.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani Unyambwa alfajiri, nikafika tawini mjini Singida kabla ya mlinzi. Ilikuwa likizo ndefu, na benki zilikuwa zimeshakuwa mali ya umma, zikihitaji mikono. Meneja, mtu wa tai fupi na sauti ndefu, akaniuliza, "Hesabu unajua?"

"Kidogo, mzee. Shikamoo."

"Salamu kwanza, kijana! Hata hesabu huanza na moja."

Nikapangwa meza ya barua. Wiki mbili nililamba stempu mpaka ulimi ukasahau ladha ya ugali. Kisha nikahamishiwa meza ya fedha za kigeni, chini ya Karani Mkuu, mzee wa Kinampanda asiyecheka ovyo.

Kazi ya meza ile ilikuwa hivi. Pauni na dola hatuzichapi sisi. Nchi huzipata kwa kuuza pamba na kahawa nje, na hizo hizo ndizo hununua dawa za hospitali na vipuri vya matrekta. Kwa hiyo aliyetaka kupeleka fedha nje alijaza fomu na kueleza sababu, halafu makao makuu Dar es Salaam yakampa kibali au yakamnyima. Chini ya fomu palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Maoni ya Tawi". Hapo sisi tunaomjua mwombaji tulisema kama anasema kweli.

"Ntandu, umechunga ng'ombe?" Karani Mkuu aliniuliza.

"Nimechunga, mzee. Siku nyingine wao ndio walionichunga."

Hakucheka. "Kiangazi, kisimani, nani hunywesha kwanza?"

"Aliyefika kwanza."

"Akija mwenye ng'ombe mia tatu?"

"Anasubiri kama wengine. Ila mwenye mnyama mgonjwa hupishwa."

"Basi kazi umeshaijua. Kilichobaki ni mwandiko."

Na kweli alifanya hivyo. Mkubwa mmoja alikuja na ombi la kuagiza gari, akataka fomu yake ipande juu. Karani Mkuu akamwambia, "Ndugu, karibu kiti. Wewe ni wa kumi na moja." Mkubwa akakaa kama aliyemeza ndimu nzima.

Ndipo akaja Mzee Jivani, mwenye duka karibu na soko. Alikuwa akisoma Kigujarati tu, kwa hiyo fomu nilimjazia mimi. "Andika vizuri, kijana," alisema. "Jana mama alimimina mafuta ya taa kwenye chupa ya mafuta ya kula." Daktari wa Kiomboi alikuwa ameandika kwamba macho ya Mama Kanta, mke wake, yapasuliwe Bombei, India, upesi, kabla hayajapofuka kabisa. Karani Mkuu akaiweka fomu juu ya zote. Mgonjwa anapishwa. Kisha akaondoka kwenda msibani Kinampanda, maoni hajayaandika.

Siku zile redio na mikutano vilikuwa vikisema juu ya wafanyabiashara wanaotorosha fedha. Walikuwapo, sikatai. Mimi nikachukua penseli, nikaandika kwenye Maoni ya Tawi: "Huyu mama huona noti hata gizani." Wenzangu wa kaunta walicheka mpaka wakashika meza. Nilikusudia kufuta. Lakini raba sikuiona, nikaitwa kubeba maboksi, na basi la Dodoma, lililobeba barua zetu, likapiga honi. Meneja akasaini rundo zima bila kusoma, bahasha ikapigwa lakiri, ikaenda.

Jibu lilirudi baada ya wiki tatu: kwa kuzingatia maoni ya tawi, ombi limekataliwa.

Fomu nayo ilirudi; Karani Mkuu aliisoma mara mbili. "Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu, mzee. Ulikuwa mzaha."

Meneja akafunga mlango. "Wameshaamua. Tukikiri tutaonekana wapuuzi. Mwambieni aombe tena mwakani."

"Mwakani atakuwa kipofu, Ndugu Meneja," Karani Mkuu alisema. "Upuuzi tumeshaufanya. Kuonekana ndiko tunakoogopa?"

Alinipa kalamu ya wino. Nikaandika barua kwenda Dar es Salaam, nikataja jina langu, shule yangu na kosa langu. Kisha akamwita Mzee Jivani, nikarudia yote mbele yake. Mzee hakupiga kelele. "Nakujua tangu unanunua pipi," alisema. "Ungekuja dukani tu, ukamtazama."

Siku hiyo hiyo nikastaafishwa. Kibali kilikuja miezi kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshavuna uwele.

Ile sheria sijaichukia mpaka leo. Nchi isiyolinda pauni zake itakosa dawa, na wa kwanza kufa atakuwa mtu wa kijijini. Lakini sheria haina macho yake yenyewe. Inaona kwa macho ya yule anayeandika maoni, na siku ile aliyeandika alikuwa mimi, nikimhukumu mtu kwa duka lake.

Mama Kanta aliporudi nilikwenda dukani. Alikuwa peke yake, kitambaa kimefunika jicho la kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani?"

"Ntandu. Niliyekuwa benki. Yale maneno kwenye fomu niliandika mimi."

Akapanga upya sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kisha akatoa barua ya hospitali, ya Kiingereza, iliyofika asubuhi hiyo.

"Mzee amekwenda Kiomboi, na Kiingereza hata yeye hasomi. Unasoma shule, nisomee."

Barua ilisema jicho la kulia litaendelea vizuri. La kushoto lilichelewa, halitaona tena. Nilitamani kuruka mstari huo. Nikamsomea wote, kama ulivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza neno.