Kipande Kilichokatazwa Samadi

Mwaka uliofuata baada ya reli kufika Dodoma, Mdachi mmoja aliyeitwa Bwana Henkel alilichukua shamba la Matonya pale Ipagala, akapigilia vigingi na kuligawa vipande viwili. Lilikuwa shamba la uwele alilorithi kwa baba yake. Ng'ombe wa ukoo walipomalizwa na ugonjwa wa sotoka, shamba hilo ndilo lililowavusha. Sasa likapandwa pamba.

Matonya alikuwa mtu wa makamo, mpole, fundi wa jembe, na alikuwa na tabia moja mbaya: jambo asiloelewa aliliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kulitafuna peke yake nyumbani. Enzi zile za Wadachi alitafuna mengi.

Walimfanya kibarua katika shamba lake mwenyewe. Kipande cha kwanza akitie samadi. Cha pili asikitie hata chembe.

"Kwa nini, Bwana?"

Henkel alisema maneno mengi. Shaaban, mkalimani aliyetoka Kondoa, akayafupisha.

"Anataka kuona kama ardhi yenyewe itabeba pamba misimu mitatu bila kuchoka. Kipande cha pili kikishindwa, ataandika kwamba huku pamba haifai, atang'oa vigingi, na shamba utarudishiwa. Kikiweza, shamba linabaki la serikali, na mashamba ya jirani zako yatafuata."

Matonya akaitikia kwa kichwa. Alichoshika ni kwamba kipande cha pili kikifa, shamba linarudi. Lakini mtu na akili zake kupanda kitu ili akione kikidhoofika, hilo halikumwingia. Na mbona Henkel aliupima mche uliodumaa kwa furaha ileile aliyoupimia mche mnene, akaandika kitabuni huku akitabasamu? Alitaka kipi hasa, yule bwana?

Msimu wa kwanza kipande cha pili kilijitahidi. Wa pili kikapungua. Wa tatu majani yalikuwa ya njano kabla hata ya maua, na kila asubuhi Matonya alikwenda kusimama pale. Alifurahi, maana shamba lilikuwa linarudi. Papo hapo roho ilimuuma, kwa kuwa hakuwahi kuiacha mimea na njaa maishani mwake. Alirudi nyumbani akihema, na mkewe Anyesi alipomuuliza, alichukua jembe akatoka, wala amri ya samadi hakumtajia. Angemweleza nini, na yeye mwenyewe haelewi?

Katikati ya msimu huo akakamatwa kubeba mizigo ya serikali hadi Kondoa. Aliporudi, siku ya kumi na mbili, alikuta mitungi mitupu imepangwa uani na Anyesi amejaa tabasamu.

"Baba Loisi, nimekuona unavyougua juu ya kile kipande," alisema. "Nikapika pombe, nikaita watu."

Ndivyo ilivyo Ugogo. Mtu shamba likimshinda, hupikwa pombe, watu wakaja kulima, na hakuna anayemhoji. Walikuja hadi wa upande wa Kizota, kila mmoja na kapu la samadi kutoka zizini kwake. Kwa siku moja wakakimaliza kipande kizima, wakanywa, wakacheza. Usiku uleule mvua ikanyesha.

Matonya alitaka kufoka. Angemfokea nani? Jirani waliomwonea huruma? Mke aliyesaga uwele wa akiba apike pombe kwa ajili yake? Alikwenda shambani na jembe akidhani ataikwangua ile samadi, akakuta imekwisha kuzama. Akaketi pale matopeni na kulia.

Mwezi ulipopita Henkel alikuja. Pamba ilimfika kiunoni. Alipima, akapima tena, uso ukamwiva.

"Anasema ardhi hii ni ya ajabu," Shaaban alitafsiri. "Leo hii anaandika."

Matonya alipiga hesabu. Akinyamaza, shamba limekwenda, lake na la kila aliyebeba kapu. Akisema, kuna kiboko. Akapiga moyo konde.

"Si ardhi, Bwana. Ni samadi. Nilitia mimi."

Henkel alichota udongo, akaufikicha, akaunusa. Akakigeukia kipande cha kwanza, akakitazama. Kisha akachana karatasi kitabuni, na badala ya kuagiza kiboko, akamnyooshea Matonya mkono.

"Anakushukuru sana," Shaaban alisema. "Umemwokoa asiandike uongo."

"Na shamba?"

Shaaban aliuliza, akajibiwa, akatazama chini kabla ya kutafsiri. "Hesabu imeharibika, kaka yangu. Itaanza upya, misimu mitatu. Wewe utakuwa mlinzi wa kipande, kisitiwe samadi tena, maana anasema hajapata mtu mwaminifu kama wewe."

Anyesi alikuwa akisubiri mlangoni, mikono kifuani. "Amekupiga?"

"Hapana. Amenishika mkono."

"Kwa hiyo limerudi!"

"Misimu mitatu mingine," Matonya alisema.

"Mitatu? Kwa kosa gani?"

Matonya akalitafuta hilo kosa. Akalitafuta kwa mkewe, kwa jirani, kwa Shaaban, hata kwa yule Mdachi aliyemshukuru kwa kumshika mkono, asilione kwa yeyote. Akamwambia Anyesi alete majembe mawili, wakafyeke kichaka cha mlimani, kwenye mawe, wakajaribu uwele huko.