Wananchi Hukaa Juani

Sisi tuliokulia mtaa wa mabanda wa Nyalenda miaka ya themanini tulilisikia neno "wananchi" kabla hatujajua kusoma. Gari la vipaza sauti lilipita likitimua vumbi: "Wananchi wote mnaombwa kufika barazani!" Nasi watoto tulilikimbilia miguu mitupu, midomo imejaa muwa. Mimi neno hilo lilinisumbua kweli. Huyo mwananchi ni nani hasa, mbona anaitwa kila mara? Nilidhani labda anakaa Milimani, kwenye nyumba za maua na magari.

Mwaka mmoja bomba letu lilifungwa kufuli. Mama, aliyekuwa akikaanga dagaa wa omena sokoni, akawa anateka maji ziwani, kule Dunga. Mdogo wangu akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Nilimwogopea sana. Basi gari lilipoita, mama alinishika mkono tukaenda.

Waliokuja na magari walikalishwa hemani, wakapewa soda baridi. Sisi tulionyeshwa nyasi.

"Mama, mwananchi ni yupi?" nikanong'ona.

"Yawa, wewe mtoto una maswali! Si uangalie nani amekaa kwa jua."

Nikaangalia. Fundi wa baiskeli, akina mama wa mboga, hata mwalimu wangu, gazeti kichwani, jasho likimtiririka. Mwalimu! Kumbe tulikuwa wengi hivyo.

Hotuba zilipoisha, wakaruhusu swali moja kutoka kwa wananchi. Mama alisimama, akakaza leso kiunoni.

"Bwana mkubwa, hiyo soda mnakunywa ni tamu. Watoto wetu wanakunywa maji ya ziwa, wanaumwa. Hiyo kufuli, nani ako na funguo?"

Watu walicheka. Wiki hiyo hiyo bomba likafunguliwa, na mdogo wangu akapona.

Siku hizi vijana ni wananchi wa kwenye simu. Wanalalamika wakiwa chini ya blanketi, hawajui nyasi za barazani zinavyochoma makalio. Lakini mimi ni nani niwacheke? Juzi nilialikwa barazani kama mgeni, nikawekewa kiti hemani na chupa ya maji. Kutupa macho, namwona mama kwenye nyasi, amezeeka, gazeti kichwani. Nikaenda mbio kumwinua aje kivulini.

"Niache, Akinyi. Nikikaa huko, swali atauliza nani?"

Nikarudi hemani peke yangu. Baraza liliisha sijaifungua ile chupa.