Mkurima

Juzi mjukuu wangu, msichana wa darasa la tano, alisoma daftari langu akacheka: "Bibi, umeandika 'kurima'." Nikacheka naye. Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, na hata hiki ninachoandika sina hakika kama kinafaa kusomwa. Lakini kosa hilo nalijua lilikotoka.

Nilipokuwa mtoto, kijiji chetu kipya cha ujamaa kilikuwa kwenye njia ya kwenda Ziba. Mchana, kazi ikipungua, akina mama walisoma kisomo cha watu wazima ndani ya bani la kukaushia tumbaku. Ubao ulikuwa ukuta, chaki ilikuwa mkaa, na wote walitoka wananuka moshi. Bibi yangu ndiye aliyewafundisha wenzake waliochelewa. Watu wa mjini walikuwa wamemcheka sana kwa kusema "balua" badala ya barua, basi yeye kwa usalama akaweka r kila mahali, hata penye l. Mimi niliona 'mkurima' ukutani, nikajua ni kosa. Sikusema. Mtoto hamsahihishi bibi yake, ndivyo nilivyojitetea.

Jirani yetu, mmoja wa hao aliowafundisha bibi, alikuwa mjane. Siku ya kugawa mashamba tangazo lilisema mkuu wa kaya aandike jina na kazi kwa mkono wake mwenyewe. Asiyeweza, ndugu wa kiume amwandikie, na shamba liwe chini ya huyo ndugu. Shemeji yake alikwisha kusimama karibu na meza. Simsingizii, alikuwa na watoto wengi, na kwa desturi aliyolelewa nayo aliona anadai haki yake.

Jirani akaandika jina lake polepole, vizuri kabisa. Kwenye kazi akaandika: mkurima.

Katibu wa kijiji, aliyeshika kitabu cha mashamba, akatabasamu. "Mayu, mama yangu, neno hili halipo. Mwachie shemeji yako akusaidie."

"Halipo wapi?" jirani akauliza. "Mikononi mwangu lipo."

Watu wakacheka, lakini katibu tayari alikuwa amemgeuzia shemeji kitabu. Kama shamba lingepotea, lingepotea kwa herufi moja niliyoiona nikanyamaza.

Bibi akainuka, akavuta kitabu, akaandika jina lake, na mbele yake: mkurima. Akafuata mke wa mwalimu wa dini wa Moravian, aliyesoma kuliko katibu mwenyewe. Huyu alijua neno sahihi ni 'mkulima'. Akamtazama katibu usoni, akaandika kwa herufi kubwa: MKURIMA. Halafu mama muuza vitumbua, aliyehamia kwetu kutoka Gongoni, mjini, akaandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia.

"Hii imeandikwa nini?" katibu akauliza.

"Kazi yangu. Au nimwite shemeji yako akusomee?"

Hapo hata wanaume walicheka. Katibu akafunga kitabu. "Ninyi mna waume, na waume zenu wameshaandikwa. Mnatafuta nini hapa?"

"Sisi tuna waume," bibi akasema. "Na yeye ana sisi."

Wakaketi chini kuizunguka meza, miguu wameinyoosha, na hakuna mtu mwingine aliyepata njia ya kuandikwa. Wengine walitukanwa na waume zao palepale. Hawakuinuka. Shemeji alichoka mapema, akaenda kutazama ng'ombe wake.

Jua lilipolala upande wa Kitete, katibu alilisoma tangazo tena, safari hii kwa sauti. Lazima nimtendee haki: angeweza kuita mgambo, hakuita. Akasema, "Imeandikwa 'kwa mkono wake mwenyewe'. Mkono ni wake." Akampimia jirani shamba lake kwa hatua zake mwenyewe, na nadhani alizirefusha kidogo, ingawa hapo huenda najidanganya.

Jirani alililima mpaka akafa. Wajukuu wake wameliuza, na siwalaumu. Walikuwa na mgonjwa. Bani limeanguka, na wale akina mama wote tumewazika. Ila moyo wao ule ndio ninaoutafuta siku hizi nisiuone: mtu akionewa tunamwambia pole, kisha tunakwenda nyumbani kupika. Wao hawakwenda. Siku ile hakuna jiko lililowaka kijijini, na sisi watoto tulitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, mpaka giza, bila hata mmoja kulia njaa.