Mlio au Moshi

Kama kuna mtu Kimulot nzima anayependa kusikika, ni Mzee Bethwel. Alipostaafu ualimu alikabidhiwa bastola ya kuanzishia mbio, ile isiyotoa risasi ila mlio na moshi tu, na tangu hapo hakuna mashindano ya riadha yanayoanza bila yeye. Utamwona pale kwenye mstari, koti jeupe limepigwa pasi, mkono juu, uso mzito utadhani anafungua bunge.

Lakini msimu uliopita vijana walimuudhi. Fataki zake zililia kidogo, wakasema bastola ya mwalimu imeshikwa na kikohozi. Weh! Jambo hilo lilimkaa rohoni. Mwaka huu akateremka mwenyewe hadi Sotik, kwenye duka la Onsongo la vifaa vya michezo.

Onsongo akaweka makopo mawili ya fataki kwenye kaunta. "Hizi baruti yake ni kali, mwalimu. Zinalia mpaka Kisii wanasikia, lakini moshi hakuna. Hizi zingine hazina kelele sana, ila moshi wake ni mzito."

"Mimi sichomi makaa, Onsongo. Nipe za kulia."

"Na wenye saa kule mwisho wa mbio wataona nini?"

"Kwani ni viziwi?"

Onsongo akacheka, akamtilia chache za moshi kama nyongeza.

Siku ya mashindano ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kuchagua timu ya kaunti. Janeffer, binti anayechuma chai asubuhi na kufanya mazoezi jioni, alihitaji muda mzuri katika mita mia. Kushinda tu hakutoshi.

Mzee Bethwel akainua mkono. Pwaa! Ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Janeffer akachomoka, akawaacha wenzake mbali kabisa, na mzee akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Kule mwisho, Velma, mkuu wa wenye saa, alikuwa amesimama tu, saa mkononi haijabonyezwa.

"Mwalimu, tulikuwa tunangoja moshi!"

Mlio huchelewa kufika kule mbali, ndiyo maana wenye saa hubonyeza wakiona moshi. Na aliyewafundisha hivyo ni nani? Ni yeye mwenyewe! Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Akamfuata Janeffer, aliyekuwa ameinama akihema.

"Mwanangu, nimekuharibia. Nilikuwa najitafutia sifa."

Machozi yalimlengalenga yule binti. Akajifuta na mkono. "Wacha nipumzike kidogo, mwalimu. Nitarudia." Wenzake nao wakakubali.

Mzee akatia fataki za moshi. Loo, kumbe ukungu wa Mau umeshuka, mweupe kama koti lake! Moshi utaonekana wapi? Akamwomba mama mmoja mchuma chai aproni yake nyeusi ya plastiki, akamsihi aishike wima nyuma ya bastola. Ikalia puh. Vijana wakacheka mpaka wakashika mbavu, naye hata hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa Velma, na Velma alikuwa amebonyeza.

Mbio zilipokwisha, mzee alikimbia hadi kule mwisho na viatu vyake vya kanisani. Velma akainua saa juu. "Ametosha! Yuko kwenye timu!"

"Lakini umechoka," mzee akamwambia Janeffer. "Pengine ile ya kwanza ilikuwa bora zaidi, na mimi nimeipoteza."

"Ile nilikuwa napasha misuli tu, baba," Janeffer akasema, akamkumbatia huku analia na kucheka.