Saa Mbili kwa Chakula Kimoja

Ilitangazwa, kutoka jukwaa lenye zulia, kwamba mpaka wa Tunduma na Nakonde sasa ni wa kuunganisha na si wa kutenganisha. Kwamba nchi mbili zitafanya kazi chini ya paa moja na kwa mwendo mmoja. Na kwamba kuanzia siku hiyo mfanyabiashara wa mpakani hatapoteza tena hata saa moja. Watu walipiga makofi. Andongwisye Kibona, wakala wa forodha, alipiga yake taratibu, mkono wa kushoto ukiwa juu, ili saa yake ionekane.

Saa hiyo inahitaji maelezo. Ilikuwa ya dhahabu, ilitengenezwa Uswisi, ikapitia Dubai, na ilipofika mkononi mwa Kibona ilikuwa imekwisha kula shamba la kahawa la Iyula. Shamba hilo alilinunua na mkewe, Ikupa, walipooana, na miche yake Ikupa aliipanda akiwa na mtoto mgongoni. Kibona aliliuza kwanza, akamweleza baadaye.

"Shamba haliwezi kuingia hotelini," alimwambia. "Hii inaingia."

"Basi siku ya njaa utaitafuna," alijibu Ikupa, na tangu hapo akawa anamwita Bwana Saa, nyumbani na kanisani.

Tusimwonee Kibona, alikuwa na hesabu yake. Kazi ya wakala ni kukamilisha karatasi ili mzigo uvuke, na karatasi za Kibona kwa miaka mingi zilikuwa za malori mawili matatu ya saruji. Sasa Chileshe, au Ba Chileshe kwa heshima ya kwao, tajiri wa Ndola, Zambia, mwenye malori ya shaba yaendayo bandarini Dar es Salaam, alikuwa anatafuta wakala mpya. Kibona akiipata kazi hiyo, ofisi inasimama. Akiikosa, anaifunga na kurudi Ileje kulima kwenye shamba la kaka yake, ambaye hawajasalimiana tangu msiba wa baba yao.

Mtu mwingine aliyeitaka kazi hiyo alikuwa Zahoro, mwenyeji wa Ujiji, wakala pia, ambaye ofisi yake na ya Kibona zilitenganishwa na ukuta wa mbao. Walichukiana kwa utulivu wa watu wanaotumia choo kimoja.

"Ni kopi hiyo," Zahoro alisema siku ya kwanza alipoiona saa.

"Halisi."

"Basi pole zaidi."

Na kweli ilikuwa halisi.

Ba Chileshe alichagua wakutane Mseto. Mgahawa huu ulifunguliwa upande wa Tunduma na Brenda, binti aliyerudi kutoka Dar es Salaam akiamini kwamba kula chakula cha nchi moja kwenye sahani moja ni ushamba. Kwake wali wa Kamsamba ulifinyangwa Kijapani na kuvikwa kapenta, dagaa wa Tanganyika, kichwani. Nshima, yaani ugali wa Zambia, ilikaangwa vipande kama chipsi na kumwagiwa mchuzi wa Kitailandi. Nyama ya mbuzi ilipakwa unga wa kahawa, pengine kahawa ya Iyula, na kuchomwa hadi ikose asili. Lakini fahari ya Mseto iliandikwa ukutani kwa herufi za shaba: SAA YAKO NDIYO SAHANI YAKO. Hapo hukuulizwa unakula nini; uliangaliwa mkono. Saa ya dhahabu ilipewa mbuzi wa kahawa na meza ya dirishani. Saa ya mkanda wa ngozi, samaki. Saa ya plastiki ilipewa nshima ya kukaanga na kiti karibu na jiko, kwa kuwa, alieleza Brenda, moshi na plastiki vinaelewana. Wasio na saa walishauriwa kujaribu stendi.

Ndiyo maana shamba liliuzwa. Kibona alitaka Ba Chileshe amkute dirishani.

Ujumbe wa Ba Chileshe uliingia kwenye simu ya Kibona mchana: "Ba Kibona, kesho Mseto, saa mbili usiku. Tumalize."

Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na hili Tunduma hata kuku wanalijua. Mtu akikwambia mkutane saa nne, hujibu ndiyo wala hapana, unauliza kwanza, "Ya wapi?" Huulizwa muuza mkaa, huulizwa padri, na aliyeulizwa hakasiriki.

Kibona hakuuliza. Mwenye saa kama ile haulizi saa.

Alifikiri peke yake, jambo ambalo mpakani ni hatari. Chileshe ni Mzambia. Mzambia akiandika saa mbili, ana maana saa mbili ya kwao. Ya kwao ni saa tatu yetu. Na ili kumpa mgeni heshima kamili, akairudisha nyuma mishale ya Uswisi ikasoma Kizambia. Ikupa alimkuta akifanya hivyo.

"Umeirudisha hadi lini?" aliuliza. "Ukifika siku ya shamba unishtue."

Kesho yake usiku aliingia Mseto akiwa ndani ya suti, mkono mbele kama mtu anayeongoza kipofu. Ba Chileshe alikuwa dirishani. Mbele yake palikuwa na mifupa ya mbuzi. Upande wa pili wa meza alikaa Zahoro, njiti mdomoni.

"Mwaiseni, Ba Kibona," alisema Chileshe bila kuinuka. "Karibu kwenye mifupa."

Kibona alinyoosha mkono. "Saa mbili kamili, bosi. Tazama mwenyewe."

Chileshe alitazama kwa makini. Alikuwa mtu wa haki. "Saa nzuri. Na ni kweli, kwetu ni saa mbili. Lakini mimi nimekuja kwenu, mudala, mzee mwenzangu. Nilikuandikia ya kwenu, kwa heshima."

"Na mimi nimekuja kwa ya kwenu. Kwa heshima."

"Heshima mbili zimepishana mlangoni," alisema Zahoro. "Moja imekaa njaa."

"Wewe nani alikualika?"

"Njaa ya mwenzako. Nilikuwa pale jikoni na plastiki yangu, nakula zile chipsi za ugali. Nikamwona mtu mzima anakodolea mlango kama anayedai mahari. Nikamwambia, bosi, huyu Kibona namjua, ukuta wetu ni mmoja. Akinunua saa anasahau kuwahi."

"Mnafiki wewe."

"Mnafiki aliyewahi, kaka."

Kibona akamgeukia Chileshe. "Ungenipigia simu tu, bosi."

"Nilitaka kujua wakala wangu anafika lini asipopigiwa," alisema Chileshe. "Malori yangu hayapigi simu. Yanasimama, na mimi nalipia kusimama." Akajifuta mikono kidole kwa kidole. "Nimeshampa huyu. Si kwamba nampenda."

"Hanipendi," Zahoro alikiri.

Wakaondoka pamoja. Kibona alikuwa anageuka naye aondoke, Brenda akamzuia, sahani mkononi.

"Mzee Kibona, mbuzi wako."

"Sijaagiza."

"Mkono wako umeagiza ulipoingia. Hapa hatubishani na saa."

"Niletee basi zile chipsi za saa ya plastiki."

"Nitamwambiaje mpishi? Keti, baba. Dhahabu hailiwi kwa kusimama."

Akaketi dirishani, mahali alipopataka, akala mbuzi wa kahawa peke yake. Nyama ilikuwa chungu, na katikati haikuiva. Brenda alimpiga picha ya mkono tu, kwa ajili ya matangazo.

Nyumbani Ikupa alitazama uso wake, akaenda kushusha sanduku la safari juu ya kabati, akaanza kulipangusa vumbi.

"Ileje siku hizi kuna baridi," alisema. "Beba sweta. Hiyo ya mkononi haitunzi joto."

Asubuhi Kibona alikwenda kwenye jengo la mpakani, lile la paa moja, akitumaini kumwahi Ba Chileshe kabla hajavuka na kumwomba japo malori machache. Askari wa zamu, aliyekuwa akikwaruza tope kwenye buti, alimwambia mzee wa Ndola amepita zamani.

"Saa ngapi?" aliuliza Kibona.

"Ya wapi?" alisema askari.

Foleni ilimsukuma Kibona hadi kaunta, na hapo, kwa kukosa pa kutazama, akainua macho. Ukutani zilitundikwa saa mbili, ya Tanzania na ya Zambia. Zote zilikuwa sahihi.