Tongo za Jeki

Nilipokuwa na miaka kumi nilimpaka mdogo wangu tongo za mbwa machoni, kwa mkono wangu huu wa kulia. Tusekile alikuwa na miaka sita. Mama yetu alikuwa amefariki miezi mitatu kabla.

Tuliishi kijijini Ruanda kwa Bibi, mama yake Baba, kwenye shamba la kahawa. Mama alikuwa mwuza mitumba. Alifuata marobota Tunduma, mpakani, akayauza Mlowo, na nguo zenyewe aliziita salaula, kama walivyoziita Wazambia aliofanya nao biashara. Baada ya mazishi Baba alifunga chumba chao kwa kufuli, nguo za Mama zikiwa bado zimetundikwa ukutani, akarudi Mlowo kwenye kazi yake ya kununua mahindi.

Mbwa wetu, Jeki, hakuukubali msiba ule. Kila siku kwenye saa kumi jioni, saa ambayo Mama alizoea kurudi, alikwenda kulala mbele ya mlango wa chumba kile. Aliingiza pua kwenye upenyo wa chini, akatikisa mkia, akalia kwa sauti nyembamba. Tulimtazama kwa wivu.

"Bibi, Jeki anamwona nani pale?" niliuliza siku moja tukianika kahawa.

Bibi hakuinua uso. "Mbwa huwaona waliokwenda. Zile tongo zake ndizo zinazomwonesha. Zamani wapo watu waliojipaka, wakaona. Ila aliyeona hasemi. Akisema, marehemu anakuja kumchukua."

Leo nadhani alitaka kututisha tuache kuuliza. Alikuwa amemzika mkwe aliyempenda, na maswali yetu yalimchosha.

Kesho yake Bibi alipokwenda kuteka maji, nilimkamata Jeki, nikamfuta pembe za macho kwa kidole. Nilikusudia tujipake sote wawili. Kisha nikajiambia kwamba zilizopatikana zinamtosha mtu mmoja, na Tuse ndiye mdogo, ndiye aliyemhitaji Mama zaidi. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Tuse alisimama wima mbele ya mlango, akanipa uso wake bila kuuliza. Nilimpaka jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia kwa kilichobaki.

"Unaona?"

Alipepesa macho. Akautazama mlango, akanigeukia, nami machozi yakaanza kunitoka.

"Namwona," akasema. "Anasema usilie, dada."

Badala ya kufurahi nilimziba mdomo. Alikuwa ameshasema! "Usiseme tena! Usimwambie Bibi, usimwambie mtu yeyote, utakufa!"

Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu. Bibi alimwomba jirani aliyekuwa ananyonyesha amkamulie matone ya maziwa machoni, maana ndiyo dawa aliyoijua. Siku ya tatu jicho la kushoto halikufunguka kwa usaha.

"Mlichezea nini?" Bibi aliniuliza.

"Hatukuchezea kitu."

Tuse alinitazama kwa jicho lililoweza kufunguka.

Siku ya sita Baba alikuja, akampakia kwenye baiskeli, akampeleka zahanati. Mganga wa zahanati naye aliuliza, nami niliyefuata nyuma kwa miguu nikajibu vilevile. Baba na Tuse wakatumwa hospitali ya mbali. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na kovu jeupe, na mwanga haujaingia humo tena. Baba alisema daktari alirudia neno moja tu: mmechelewa.

Sasa mimi ni mwalimu, na nafundisha milango ya fahamu. Nawaambia watoto kwamba mbwa huona rangi chache kuliko sisi, lakini pua yake husoma mambo ambayo kwetu hayapo. Harufu ya mtu hukaa kwenye nguo zake miezi mingi, na mbwa huinusa hata kupitia upenyo wa mlango. Niliposoma hayo mara ya kwanza, sekondari, nilifunga kitabu nikatoka nje. Jeki hakuwa akimwona mtu. Alikuwa akinusa magauni ya Mama. Kama tungemwomba Baba ufunguo, tukaziweka zile nguo usoni, hata pua zetu hizi dhaifu zingempata kidogo.

Tuse ana duka la vitenge Mlowo. Mteja akimjia upande wa kushoto, hugeuza kichwa chote. Mwaka mmoja, baada ya kumzika Bibi, nilimuuliza kwa nini hakunitaja hata siku moja.

"Si uliniambia nisiseme?"

"Na Mama? Ulimwona kweli?"

Alikunja kitenge alichokishika, akakiweka. "Sikuona kitu, dada. Macho yaliwasha tu. Wewe ulikuwa unalia."

Watu wachache niliowasimulia huniambia nilikuwa mtoto, sikujua. Ni kweli, sikujua kwamba uchafu wa jicho la mnyama unaweza kuozesha la mtu. Lakini Bibi aliponiuliza nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, na mdogo wangu alikuwa amesimama pale, akingoja niseme.