Mchua Misuli na Goti la Nahodha

Kwa miaka kumi na tisa mimi na Kiganja tuligawana chumba kimoja chini ya jukwaa la uwanja. Upande wa dirisha kulikuwa na kitanda chake cha kuchulia wachezaji, na upande wa mlango mashine zangu mbili za kufulia jezi. Jina lake halisi liko kwenye faili la klabu, lakini hata mkewe alimwita Kiganja mbele za watu. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na viganja vyake vilikuwa vipana kama sahani. Wachezaji walisema akikushika paja unakiri hata dhambi ambazo hujatenda.

Yeye mwenyewe aliwahi kucheza. Alivunjika mguu akiwa na miaka ishirini na mitatu, akalala hospitali miezi minne, na huko ndiko alikojifunza kazi, kwa kumtazama mama mmoja aliyekuwa akiwanyoosha wagonjwa viungo. Alipotoka hakuweza tena kukimbia, lakini hakutaka kuwa mbali na mpira. Klabu ikamchukua awe mchua misuli. Mshahara ulikuwa wa kujikaza kisabuni. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya uwanja, ndiye aliyeshika nyumba.

Mtu ambaye Kiganja alimpenda kuliko wote pale klabuni alikuwa nahodha wetu, beki wa kati, mashabiki wakimwita Ukuta. Alikuja kwetu kijana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye aibu, akawa anamwita Kiganja "mzee" na mimi "mama". Baadaye akawa mtu mkubwa. Watoto walinyoa nywele kama yeye, wakafunga soksi chini ya goti kama yeye. Hata hivyo hakuwahi kunitupia jezi sakafuni. Aliikunja na kuniletea mkononi.

Goti lake la kulia lilianza kuuma alipofika miaka ishirini na minane. Gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, ilikuwa imelika. Alihitaji kupasuliwa na kupumzika karibu mwaka mzima, lakini kila msimu ulikuwa na sababu yake: mara timu inapigania ubingwa, mara inakwepa kushuka daraja. Daktari wa timu akawa anampiga sindano kabla ya mechi na kumpa vidonge baada ya mechi. Ukuta alicheza. Nje watu waliona beki asiyepitika. Ndani, mimi niliona taulo. Mfuaji humwambii kitu kuhusu damu, na ile haikuwa ya puani wala ya jeraha. Vidonge vilikuwa vimemla tumbo, alikuwa akitapika damu kwenye sinki na kuifuta kwa taulo.

Nilimwonyesha Kiganja. Akaenda kwa daktari. Daktari akamwambia, "Wewe chua. Dawa niachie mimi."

Jioni moja timu ikiwa ugenini, Kiganja alikuwa akimchua Ukuta chumbani kwake katika nyumba ya wageni. Ukuta alikuwa ameuma mto ili asisikike. Goti lilikuwa limevimba kama boga, na vidonge alikuwa amekataa. Alisema afadhali goti kuliko kutapika. Kiganja aliniambia baadaye kwamba mikono yake ilisimama. Alijua hakuna kitu ambacho mikono ile ingeweza kufanya. Akatoka, akamtafuta mkata majani wa uwanja wa pale, akarudi na msokoto mmoja wa bangi ndani ya kikopo kitupu cha dawa ya kuchulia.

"Vuta kidogo," alimwambia, "angalau upate usingizi."

"Mzee, mimi sijawahi."

"Najua. Vuta kidogo tu."

Ukuta alilala saa tisa mfululizo. Kiganja alinisimulia hayo huku akitabasamu, kama mtu aliyepata tiba. Tangu hapo, kila baada ya mechi, kikopo kilikuja. Mimi nilijua, maana nguo hazifichi harufu. Siku moja nikamwambia, "Kiganja, nguo za nahodha zinanukia."

"Fua tu, dada," akajibu.

Nikafua.

Sasa mwaka huohuo wakuu wa michezo walikuwa wakitafuta mchezaji wa kuzungumza na wanafunzi kuhusu madawa ya kulevya. Wakamchagua Ukuta. Shule ya kwanza kutembelewa ilikuwa ile ya mke wa Kiganja, na yeye mwalimu ndiye aliyepanga kila kitu. Alimtafuta fundi rangi, picha ya Ukuta ikachorwa kwenye ukuta wa darasa la sita, mpira mguuni, na maneno makubwa chini yake: MPIRA, SI BANGI. Walimu wakawa wanataniana kwamba hatimaye Ukuta amerudi kwao ukutani.

Kiganja alikuwepo siku hiyo, amebeba mfuko wa mipira ya zawadi. Ukuta alizungumza vizuri. Mwishoni msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono, akauliza kama yeye mwenyewe amewahi kuvuta.

"Sijawahi," Ukuta akasema, na watoto wakapiga makofi.

Wakati wa kurudi, gari lilipofika kwenye geti la klabu, Ukuta akamgeukia Kiganja. "Mzee," akasema, "leo nimewadanganya watoto mia tatu."

"Umewasaidia," Kiganja akamjibu. "Yale uliyowaambia ni ya kweli."

"Yale ni ya kweli. Mimi ndiye si wa kweli."

Alitaka kuacha, na aliacha, kama wiki tatu. Halafu tukacheza mechi mbili ndani ya siku tano, goti likajaa maji, na Kiganja akaleta kikopo tena bila kuombwa.

Wapimaji wa dawa zilizokatazwa michezoni walikuja mwishoni mwa msimu. Waliwachukua wachezaji wawili kila timu baada ya mechi, wakawapa vichupa vya mkojo. Ukuta alikuwa mmoja wao. Alitoka huko akanipa jezi yake, imekunjwa, akaniambia, "Mama, hii ndiyo ya mwisho." Sikumwelewa. Majibu yalipotoka, redio zilisema mchana kutwa, na kufikia jioni hata wauza mboga walikuwa wanajadili mkojo wa nahodha.

Mambo yalikuwa mabaya zaidi shuleni. Siku ya tatu walikutwa wanafunzi wanne nyuma ya vyoo wakipokezana msokoto. Mke wa Kiganja alipowauliza, mmoja akamjibu bila kupepesa macho, "Mwalimu, mbona Ukuta anavuta na bado ni beki bora?" Alirudi nyumbani ameshika kichwa.

"Yule mtu ametuchafua," alimwambia mumewe mezani. "Nilimsimamisha mbele ya watoto wangu. Nilimwamini kama ndugu."

Kiganja aliendelea kula. Aliniambia kwamba hata aliomba aongezewe mboga.

Kamati ya nidhamu ya ligi ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha klabu. Waliitwa daktari, Kiganja na Ukuta. Mimi sikuitwa. Nani amwite mfua nguo? Lakini nilikuwa nikipeleka chai, na niliyasikia. Daktari alisema nahodha hakuwahi kulalamika maumivu yoyote, na faili lake lilikuwa safi, hakuna sindano hata moja iliyoandikwa. Mwenyekiti akamuuliza Ukuta bangi aliipata wapi.

"Nilinunua mwenyewe," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu nisiyemjua."

Mwenyekiti akamgeukia Kiganja. "Wewe ndiye unayemshika kila siku. Ulijua?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nilimwona Ukuta akimtazama Kiganja, na si kwa kumwomba wala kumtisha. Alimtazama tu.

"Sikujua," Kiganja akasema.

Ukuta akainamisha kichwa. Akafungiwa miaka miwili. Kwa mtu wa miaka thelathini na moja mwenye goti kama lile, hiyo si adhabu, ni maziko. Klabu ikavunja mkataba siku iliyofuata. Shuleni mwalimu mkuu akaagiza picha ipakwe chokaa, na mke wa Kiganja ndiye aliyeshika ngazi.

Nilidhani Kiganja atasahau. Wanaume wengi husahau. Lakini alianza kupungua. Mabega yaliporomoka, wachezaji wakanung'unika kwamba siku hizi mzee anapapasa, hachui. Aliacha kula chumbani kwetu. Nilimwambia mara moja, "Kaka, jipu likiiva lipasue." Akanijibu kwamba hajui aanzie wapi. Ukweli ni kwamba na mimi niliogopa alipasue, maana ningerukiwa na usaha wake.

Alikaa hivyo miezi minne. Siku moja, mchana wa mapumziko, mkewe alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Kiganja akavuta kiti.

"Mke wangu, ile bangi nilimpa mimi."

Hakuinua kichwa. "Bangi gani?"

"Ya Ukuta. Tangu mwanzo. Nilikuwa nikimletea mwenyewe."

Mkewe aliweka kalamu chini taratibu. Alimwacha aseme yote: goti, damu, vidonge, kikopo, kamati. Alipomaliza, mkewe akafunga daftari lililokuwa mbele yake.

"Na siku ile alipokuja shuleni," akauliza, "ulikuwa umempa?"

"Siku mbili kabla."

"Ukanyamaza, nikawaita watoto mia tatu." Akasimama, akakusanya madaftari ambayo hajayasahihisha. "Nilishika ngazi, Kiganja. Nilishika ngazi huku wanampaka chokaa usoni mtu aliyekuficha wewe. Kesho nenda ukaseme."

Alikwenda. Katibu wa kamati alimsikiliza hadi mwisho, akaandika nusu ukurasa, akamwambia jalada limeshafungwa. Aliyevuta ni mchezaji, na mkojo ni wake. Kuhusu sindano, akasema hilo ni suala la daktari, na daktari ameshatoa maelezo. Nusu ukurasa ule, hata hivyo, ulifika klabuni haraka kuliko barua yoyote ninayoikumbuka. Ndani ya wiki Kiganja alikuwa amefukuzwa kazi. Daktari yupo mpaka leo.

Kutoka hapo alikwenda kwa Ukuta. Nilimsindikiza, kwa sababu aliniomba, na kwa sababu nilikuwa na deni langu la kunyamaza. Ukuta alikuwa amehamia kwa dada yake, nyumba ya vyumba viwili karibu na gereji. Tulimkuta sebuleni, mguu juu ya stuli, runinga imezimwa. Alikuwa amenenepa uso. Alinipa mkono. Kiganja naye akaupokea, lakini mkono ule ulikuwa mlegevu, kama wa mtu aliyelala.

Kiganja alieleza alikotoka na alichosema. Ukuta alimsikiliza huku akitazama goti lake.

"Mzee," akasema, "mimi sikukutaja kwa sababu katika klabu nzima wewe peke yako uliniuliza kama naumwa. Kufungiwa nilikutarajia. Nilivuta, nikasimama mbele ya watoto nikakana. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini wewe uliulizwa mbele yangu. Ungesema tu kwamba naumwa. Hukuhitaji kusema kingine. Ungesema, huyu mtu anaumwa."

"Niliogopa, mwanangu."

"Najua."

Kiganja akapiga magoti pale sakafuni, akanyoosha mikono kuelekea mguu ule, kama alivyofanya maelfu ya mara. "Niruhusu nikuchue kidogo. Limevimba."

"Usiniguse, mzee," Ukuta akasema. Hakupaza sauti. "Tafadhali."

Tulitoka. Njiani Kiganja alitembea mikono ikiwa mifukoni, na hakuitoa mpaka tulipoachana.

Ukuta alihama mji kabla adhabu haijaisha. Nimesikia kwamba alipasuliwa kwa kuchelewa, kwamba anatembea na fimbo na anasimamia duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yake. Hakuna aliyemwita tena kuzungumza na watoto, ingawa mimi naona sasa ndipo angekuwa na la kuwaambia. Mke wa Kiganja alijaribu kumwomba mwalimu mkuu amruhusu mumewe aje aseme kweli mbele ya darasa. Alikataliwa. Aliambiwa watoto wameshasahau, kwa nini kuchokonoa. Mwalimu hakumwacha mumewe. Wanaishi pamoja, wanaulizana kuhusu chumvi na maji na nani afunge mlango.

Kiganja siku hizi anachua watu nyumbani kwake, wengi wao wazee waliopooza upande mmoja. Wiki iliyopita nilimtembelea, nikamkuta na mama mmoja ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa. Alikuwa amemfikisha mahali pazuri, vidole viwili vilikuwa vimeanza kukunjika. Yule mama, mchangamfu, akamuuliza kama ni kweli alifanya kazi klabuni na kumfahamu yule nahodha mvuta bangi.

"Ni kweli," Kiganja akasema, akiendelea na kidole gumba. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa."

Mama akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna anayecheka naye, akageukia dirishani mpaka muda wake ukaisha. Kiganja humjibu hivyo kila anayemuuliza, na wapo ambao hawarudi. Juzi binti wa yule mama alituma ujumbe kwamba wamepata mtu mwingine wa kumnyoosha mkono.